Musambi Aliyesimama Mlangoni

Jumamosi, 27 Septemba 1997

Leo jioni tumeonyeshwa sinema shuleni, na haikuisha.

Shuka jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli, jenereta ikawekwa nyuma ya vyoo ili kelele yake isitusumbue, na Mwalimu Oswald akakaa na kipaza sauti kututafsiria, maana Kiingereza cha wale watu kinakimbia. Ilikuwa habari ya mtoto wa kike ambaye baba yake anavusha watu mtoni kwa pantoni. Anaokota ndege mkubwa wa porini aliyevunjika mguu, anamficha bandani, anamlisha, mpaka ndege anaanza kumfuata kila anakokwenda. Mtaa wetu wote wa Bangwe ulikuwepo. Ndege alipoingia kanisani nyuma ya mtoto, watu walicheka hata Mwalimu Oswald akashindwa kutafsiri.

Halafu walikuja wawindaji. Mtoto anakimbia kwenye matete, ndege yuko juu, mwindaji ameinua bunduki. Jenereta ikakohoa, na shuka likawa shuka.

"Mafuta yamekwisha," Mwalimu Oswald alisema gizani. "Mwisho wake kila mtu ataumalizia kwake."

"Turudishieni kiingilio!"

"Kiingilio gani, na wewe umeingia bure?"

Nilimshika Armelle mkono tukarudi nyumbani. Nilidhani atalia. Akasema, "Ni vizuri haikuisha."

"Kwa nini?"

"Ikiisha, watu wanaenda kwao."

Jumapili, 28 Septemba

Nimejiwekea ahadi ya kuandika humu mpaka mwisho wa muhula, hata siku zisizo na kitu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema asiyeweza kusema mbele za watu na aandike. Mimi ndiye huyo. Darasani nikisimama kujibu, sauti inabaki kwenye dawati.

Naishi na Baba, Eliudi, ambaye hapa kila mtu anamwita Bwana Mifugo. Alihamishiwa Kigoma kutoka Mpwapwa baada ya Mama kufariki. Tumepanga vyumba viwili kwa Bi Mwanvua, mzaliwa wa Ujiji, anayekausha dagaa na kuwauza, na ua wetu ni mmoja. Bi Mwanvua ana sauti ya kutosha watu wote watatu.

Armelle ana miaka minane. Mama yake, Astérie, alishuka naye hapa Bangwe mwanzoni mwa mwezi huu, wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wanaingia ziwani na karabai zao. Mitumbwi ya watu wanaokimbia Burundi huja siku hizo, ikiwa imejichanganya na taa za wavuvi, na hufika alfajiri. Baba alikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akikagua mbuzi wa kusafirishwa. Sijui yule mama aliona nini usoni pake. Alimwambia ana mtoto mwingine, mchanga, amebaki kwa bibi yake karibu na Rumonge. Anarudi kumchukua, na huyu mkubwa hawezi kurudi naye kule. "Nionyeshe nyumba yako," alisema. "Giza lijalo nitakuja."

Baba akamwonyesha. Yule mama aliutazama mlango wetu kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri.

Giza lijalo ni wiki hii.

Jumatano, 1 Oktoba

Taa za karabai ziko ziwani kama mji mwingine. Armelle amekaa juu ya jiwe la ufukweni tangu jua kuzama. Nimemwita kula, hakusikia.

Ijumaa, 3 Oktoba

Hakuja.

Jumapili, 5 Oktoba

Bi Mwanvua alitupeleka Luiche kusafisha shamba lake la mpunga kabla mvua haijaanza. Ardhi imepasuka, joto linatoka chini na juu. Tulikuwa tunang'oa mashina ya mpunga wa mwaka jana Armelle alipoacha jembe na kwenda zake kwenye matete, taratibu, kama mtu aliyeitwa.

Tulimkuta amechuchumaa mbele ya ndege. Alikuwa karibu urefu wa Armelle mwenyewe, kijivu, mabawa yana weupe, na kichwani ana taji la nywele ngumu za rangi ya dhahabu. Korongo wa taji. Mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye kitanzi cha uzi wa nyavu, uzi umezama nyamani. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

"Musambi," Armelle alisema. Ndivyo wanavyomwita kwao. Tangu afike kwetu sijawahi kumsikia akisema neno kwa furaha hivyo.

"Mwache hapo," Bi Mwanvua alisema. "Kitanzi cha mtu hicho, tutaitwa wezi."

Armelle hakubishana. Aliketi tu chini karibu na ndege. Jua likashuka, Bi Mwanvua akatukana kwa Kimanyema na kwa Kiswahili, kisha akavua kanga yake ya juu, akamfunga ndege macho, akambeba kwapani mpaka barabarani.

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba amekata uzi, amesafisha kidonda, amempiga sindano ya mbuzi. "Atapona," alisema. Ndilo neno pekee alilosema jioni nzima. Wakati mwingine nadhani ukimya wa Baba ni woga, na kwamba nimeurithi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ndege anatembea. Armelle amenionyesha namna ya kumsalimia: unasimama mbali, unanyoosha mikono yote miwili pembeni, unainama polepole, unainuka. Ndege akatutazama kwa jicho lake jeupe, akafungua mabawa, akainama naye. Halafu akaruka juu kidogo na kutua, kama ngoma.

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Kwa babu yetu walikuwa wawili, uani. Usipoinama, anakuona mgeni. Akiona mgeni analia."

Ni kweli. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hamdani, alipita leo nje ya uzio, na ndege akatoa sauti nzito kama honi ya meli iliyozibwa. Mwenyekiti akasimama. "Bwana Mifugo anafuga nini siku hizi?" aliuliza.

"Mgonjwa," Baba akajibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Joto. Ziwa limelala kama mafuta. Hakuna jipya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mbalamwezi imeingia, wavuvi hawaendi ziwani, kwa hiyo mtaa umejaa wanaume wanaoshona nyavu. Mwenyekiti akautumia wakati huo kuitisha mkutano mchana, maana siku nyingine angewakuta wamelala.

Alisema amri imetoka. Wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi watakusanywa na kupelekwa kambini. Wameanza vijiji vya mpakani, watafika mjini. "Aliye na mgeni amtoe kwa hiari yake. Na ninyi watumishi wa serikali, mfano uanze kwenu. Mtumishi atakayekutwa na mgeni asidhani atarudi ofisini kesho yake."

Hakuna aliyemtazama Baba, na hilo ndilo lililonitisha. Watu wote walitazama nyavu zao.

Jioni nilimwuliza, "Kambini ni pabaya?"

"Wanapewa chakula. Kuna shule."

"Basi si aende?"

"Kambi ziko nyingi, Dainess, na watu ni maelfu. Mama yake anajua nyumba moja tu katika nchi hii."

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo ndege aliruka kwa mara ya kwanza. Alipaa juu ya paa, akazunguka, akatua mwaloni katikati ya dagaa wa watu. Walimpiga mawe. Armelle alikimbia mawe yakiwa bado yanarushwa, akamleta mikononi.

Baba alichukua mkasi, akakata manyoya marefu ya bawa moja, kama tunavyowafanyia bata. Manyoya hayana damu, haumii. "Yataota mengine," Baba alimwambia Armelle. "Ni kwa usalama wake. Akiruka atauawa."

Armelle aliokota yale manyoya akayapanga kwa urefu. "Sasa na yeye lazima angoje," alisema.

Baba alitoka nje, akakaa kwenye baiskeli yake bila kwenda popote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kama kuna mtu wa kututaja kwa Mwenyekiti, basi ni Bi Mwanvua. Kila siku analalamika. "Dagaa wangu wanaisha! Mkimbizi anakula, ndege wa mkimbizi anakula, Bwana Mifugo anakula halafu hasemi hata asante!" Sauti inafika mpaka bandarini. Nimeifuta ile sentensi, kwa sababu leo nimemkuta jikoni na Armelle, anamfundisha.

"Unaitwa nani?"

"Mariamu."

"Wa nani?"

"Mjukuu wa Bi Mwanvua."

"Umetoka wapi?"

"Heru Juu, kwa mama. Nimekuja kumsaidia Bibi kazi."

"Usinitazame miguu! Mjukuu wangu mimi hatazami watu miguu. Nitazame usoni, hivi, kama unanidai."

Kirundi na Kiha ni ndugu. Akisema kidogo hakuna atakayejua. Bi Mwanvua aliniona mlangoni. "Na wewe msomi, usisimame kama mlingoti. Chekecha unga."

Ijumaa, 31 Oktoba

Giza. Mvua ya kwanza imenyesha, kubwa, na upepo. Karabai ni chache ziwani. Armelle amejifunika mfuko wa plastiki, yuko juu ya jiwe lake, ndege amesimama pembeni kwa mguu mmoja. Kutoka dirishani wanaonekana kama watu wawili.

Jumapili, 2 Novemba

Hakuja. Wavuvi wanasema mitumbwi ya injini inarudishwa huko kaskazini, na mingine haifiki popote. Mmoja alitaka kusimulia zaidi, akamwona Armelle, akanyamaza.

Usiku Armelle aliniuliza sinema iliishaje. Nilimwambia mwindaji alikosa shabaha. Akasema, "Umejuaje?" Nikasema niliisoma kitabuni. Sikuwahi kuisoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Ndege alilia asubuhi. Alikuwa Martini.

Martini alikaa dawati la nyuma yangu mpaka kidato cha pili, halafu ada ikamshinda. Sasa ni mgambo, ana rungu na buti zinazompwaya. Zamani aliniazima vitabu na kuvirudisha vikiwa na alama za mafuta ya taa. Aliegemea uzio.

"Mambo, Dainess."

"Poa."

"Huyo ndege wa nani?"

Bi Mwanvua akatoka na ufagio. "Wa kwangu! Una kibali cha kuuliza ndege?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ukipita."

Martini alicheka, lakini macho yake yalibaki uani. "Nauliza tu. Maana sisi Waha hatumfugi huyu. Huyu wanamfuga ng'ambo." Akaondoka akichapa rungu kwenye buti.

Bi Mwanvua alisimama na ufagio mpaka alipopotea. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "Kwa ndege huyu tumejipaka rangi sisi wenyewe."

Ijumaa, 7 Novemba

Baba alisema ndege arudishwe Luiche. Armelle alisema, "Ulimkata bawa."

Jumatatu, 10 Novemba

Nilijikaza nikamfuata Mwalimu Oswald, nikamwuliza ile sinema inaishaje. Alinitazama kama nimemshika na kosa. "Sijui, binti. Nimeitafsiri shule nne. Kila mara mafuta yanaishia palepale."

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Mvua. Barabara ya Ujiji imekatika sehemu mbili, treni haijulikani iko wapi. Wazee wanasema hawajaona Novemba kama hii. Ndege alilia mara nyingi leo, lakini nje hakukuwa na mtu. Tulichungulia kila mara.

Jumapili, 16 Novemba

Maji ya ziwa yamefika kwenye jiwe la Armelle. Sasa anasimama nyuma yake.

Jumatano, 19 Novemba

Sitaweza kuandika haya vizuri, lakini nisipoandika leo nitaanza kuyarekebisha.

Upepo umeezua paa la madarasa mawili, kwa hiyo sikwenda shule. Baba alitoka mapema na baiskeli kwenda kuchanja ng'ombe. Kama saa tatu Bi Mwanvua alirudi kutoka sokoni bila kapu lake. "Wako Rusimbi," alisema. "Malori. Wanakuja huku."

"Si atasema ni Mariamu?" niliuliza.

"Wanawauliza majirani, mwanangu. Na majirani wana watoto wa kulisha." Alishamshika Armelle mkono. "Twende. Stoo."

Stoo ya dagaa iko mwisho wa ua, chumba cha mabati kisicho na dirisha. Tulimweka nyuma ya magunia. Harufu mle inatoa machozi. Armelle hakuuliza kitu. Ilionekana amewahi kufichwa. Alisema tu, "Mfungeni Musambi." Bi Mwanvua akarudishia mlango.

Nilimfunga mimi. Nilichana kipande cha kanga, nikamfunga kwenye mpera kwa mguu mzima, na kwa sababu niliogopa kumuumiza, nililegeza.

Ndege alilia kabla hatujasikia buti. Walikuwa askari mmoja mtu mzima, koti limelowa, macho mekundu ya kukosa usingizi, na Martini, na Mwenyekiti Hamdani amesimama nje ya uzio akitazama kitu kingine.

"Mama, tunatafuta wageni," askari alisema.

"Karibuni! Mtafute na kapu langu, nimelisahau sokoni. Wageni gani katika njaa hii? Mpangaji wangu ni mtumishi wa serikali, huyu binti yake, mnamwona, hata kuongea hajui. Ingieni vyumbani, ingieni! Vueni buti tu, nimepiga deki."

Waliingia. Askari alivua buti kweli. Nilimsikia akiomba radhi kwa matope. Walitazama chini ya vitanda wakatoka, na askari alikuwa anafunga kamba za buti akisema, "Haya mama, samahani kwa usumbufu," nami nikaanza kupumua.

Ndipo nikaona mpera hauna ndege.

Alipita katikati ya ua, kipande cha kanga kinaburuta mguuni, bila haraka, kama mzee anayekwenda ibadani. Akafika mlango wa stoo. Akasimama. Akafungua mabawa, akainama. Akangoja. Akainama tena.

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mabati.

"Anapenda dagaa huyo," Bi Mwanvua alisema. "Mwizi mkubwa."

Askari alicheka. Nakumbuka vizuri, alicheka, na alikuwa ameshageuka kuelekea langoni. Lakini Martini hakucheka. Alikwenda mpaka stoo akanyoosha mkono kwenye komeo, na ndege akamrukia. Alimpiga kwa kucha, mkono ukachanika kutoka kidole hadi kifundo. Martini akapiga kelele, akashusha rungu. Lilimpata ndege ubavuni. Ndege akajaribu kuruka. Alipiga mabawa yote mawili, lakini moja halikushika kitu, akapinduka kwenye matope, akainuka, akarudi kusimama palepale mlangoni. Martini akainua rungu tena.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo. Sauti ilibaki palepale inapobakia siku zote.

Mlango ukafunguka kwa ndani.

"Usimpige," Armelle alisema. Alikuwa na magamba ya dagaa kwenye nywele. "Ni mimi."

Martini alishusha mkono. Hakuonekana mtu aliyeshinda. Alionekana kijana wa umri wangu anayetokwa damu.

Bi Mwanvua alilia, akatukana, akasema ni mjukuu wake, akaapa kwa kila kitu. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. "Mama," alisema, "nami nina wajukuu. Lakini nimetumwa."

Lori lilikuwa barabarani, limejaa akina mama na magodoro. Baba alifika wakati wanampandisha Armelle. Alikuwa ametapakaa tope mpaka mabegani. Mtu alikuwa amemfuata huko machungani. Alitupa baiskeli chini.

"Mtoto huyu niliachiwa mimi," alimwambia askari. "Ninapanda naye."

"Bwana Mifugo," Mwenyekiti alisema kwa mbali, "fikiri kazi yako."

"Nimefikiri tangu mwezi wa tisa."

Alipanda na mabuti yake na mkoba wake wa sindano, akakaa kwenye bati, akampakata Armelle magotini. Nilikuwa nimekosea kuhusu Baba. Ule haukuwa woga. Mtu mwoga huongea sana. Bi Mwanvua mwenyewe amesema leo alikuwa anatetemeka kila neno.

Armelle alinitafuta kwa macho. "Dada Dainess! Apewe karanga. Si dagaa, karanga!"

Lori likaondoka.

Ijumaa, 21 Novemba

Baba amerudi. Armelle yuko kambi ya upande wa Kasulu. Mwanamke mmoja, Ndayikunda, amekubali kukaa naye katika hema lake. Baba amesema ni mtu mwema. Amesema pia kwamba kule hakuna ziwa, ni vilima tu, na Armelle alimwuliza mitumbwi itapita wapi.

Ameitwa ofisini wiki ijayo. Alipovua buti aliniuliza, "Ndege amekula?"

"Hajala."

Jumatatu, 24 Novemba

Ndege hatoki mlangoni pa stoo. Bi Mwanvua alisema hataki kumwona, atamchinja. Baadaye nimemkuta amechuchumaa mbele yake, kiganja wazi, anasema, "Kula basi, mpumbavu we. Kula."

Alikula kidogo.

Alhamisi, 27 Novemba

Baba amesimamishwa kazi mpaka watakapoamua. Ameshinda akinoa majembe ya Bi Mwanvua.

Jumapili, 30 Novemba

Giza. Upepo tangu mchana, mawimbi yanapasuka mpaka kwenye uzio wa mwalo. Wavuvi wachache waliothubutu kwenda wamerudi mapema jioni. Wanasema wameona mtumbwi umepinduka kuelekea kaskazini, na vitu vinaelea, ndoo, nguo. Hawakujua ni wa watu gani. Baba amekwenda mwaloni kuuliza, amerudi bila kusema kitu, na mara hii ningependa aseme.

Jumatatu, 1 Desemba

Asubuhi ndege hakulia. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniamsha. Nimezoea kulala na masikio yangu kwake.

Nilitoka nje. Mvua ilikuwa nyembamba. Katikati ya ua alisimama mwanamke, miguu mitupu, nguo zimemganda mwilini, amenyoosha mikono yote miwili pembeni. Aliinama polepole. Mbele yake ndege alifungua mabawa, zima na lile lililokatwa, akainama naye.

Nilimjua kabla hajageuka. Mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, fundo limekazwa vizuri kifuani, namna ya kubebea mtoto. Ilikuwa tupu.

Aliponiona hakuuliza. Alitazama mlango wetu, ule aliokariri, kisha akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba ana swali ambalo hawezi kulitamka, kwa sababu jana ameshajibiwa moja.

"Yuko hai," nilisema. Sauti ilitoka, kubwa, mpaka Bi Mwanvua akafungua dirisha. "Armelle yuko hai, mama. Najua aliko. Baba anamjua mama anayekaa naye. Tutakupeleka."

Alikaa chini kwenye matope. Ndege akasogea, akasimama karibu yake. Kisha akageuza shingo upande wa barabara, akalia.

Bi Mwanvua alitoka mbio, kichwa wazi. "Stoo," alisema. Tulimwinua tukamwingiza nyuma ya magunia, mahali palepale. Niliporudishia mlango, ndege alikuwa ameshafika. Nilimvuta. Nilimsukuma. Nilimwomba. Hakuondoka.

Nikamwacha, nikaenda langoni mwenyewe.

Alikuwa Martini, peke yake, mkono umefungwa kitambaa. "Wanasema kuna mtumbwi umezama," alisema. "Kuna waliofika kwa kuogelea. Tumeambiwa tupite nyumba kwa nyumba." Hakuwa ananitazama. "Mna mgeni?"

"Hatuna," nilisema, na sikuangalia miguu yake.

Aliinua macho, akatazama juu ya bega langu. Sikuhitaji kugeuka. Nilisikia mabawa yakifunguka nyuma yangu, mlangoni pa stoo, na yakifungwa, na yakifunguka tena. Nyayo za miguu mitupu zilikuwa bado kwenye matope, zinatoka langoni mpaka pale.

Martini alishika kile kitambaa cha mkononi, kama kinamwasha.

"Huyo ndege," alisema hatimaye, "anapenda dagaa kweli."

Akageuka akaenda nyumba ya pili. Nilimsikia akibisha hodi huko, kwa nguvu, akiuliza kwa sauti kali. Nilisimama langoni mpaka buti zake zikapotea kwenye mvua, ndipo nikaenda kufungua mlango.